Siku mbili kwenye mahekalu ya Java, kwa jicho la mwashi

Mimi ni mwashi. Huu ni mwaka wa ishirini na sita nashika mwiko na timazi, na popote ninapokwenda macho yangu hutangulia kwenye viungo vya ukuta kabla ya kufika kwenye urembo. Nasema mapema ili msomaji ajue anasoma maoni ya nani.

Mwezi wa nane tulikwenda Yogyakarta, kisiwani Java, Indonesia, mimi na mke wangu, kumtembelea kijana wetu anayesoma huko. Yeye ndiye aliyetukatia ziara ya siku mbili: gari, dereva, mwongozaji, tiketi na chakula cha mchana. Siku ya kwanza ilikuwa ya Prambanan, Sewu na Plaosan. Siku ya pili Mendut, Pawon na Borobudur. Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa kuwa nina malalamiko nayo na sitaki kumharibia mtu riziki. Mwongozaji wao, bwana wa makamo mwenye kofia ya kitambaa cha batiki, namsifu kwa moyo wote, naye pia abaki bila jina.

Walitufuata saa tatu na nusu asubuhi. Hilo lilikuwa kosa. Prambanan iko umbali wa kilomita 17 hivi kutoka mjini, na ule uwanja wa katikati ni mawe matupu, hakuna mti hata mmoja. Mawe yenyewe ni ya volkano, ya kijivu kinachokaribia weusi, na yanashika joto kama kikaango. Ilipofika saa sita mke wangu alikuwa amejibanza kwenye kivuli cha hekalu la Nandi, fahali wa Shiva, mungu wa Kihindu, anajipepea kwa tiketi. Ukikata ziara ya namna hii, waambie mnataka kuwa langoni kunapofunguliwa tu. Wakikataa, tafuta wengine.

Lakini hekalu la Shiva! Lina urefu wa mita 47, na ukisimama chini yake shingo inauma kabla hujaona kilele. Kushoto na kulia yako mahekalu ya Brahma na Vishnu, mafupi kidogo, na mbele ya kila moja kuna dogo la mnyama wa mungu huyo. La Nandi lina sanamu ya fahali aliyelala, na jiwe la mgongo wake limelainishwa mpaka unatamani kumgusa uone kama ana joto. Lipo jiwe lenye maandishi ya mwaka 856 linalozungumzia nyumba ya Shiva, na wataalamu wanaitambua nyumba hiyo kuwa Prambanan.

Mwongozaji aliniuliza nafanya kazi gani. Kijana akamjibu kwa Kiindonesia, na kuanzia hapo ziara ikabadilika. Akaacha kutuhesabia wafalme, akanipeleka kwenye pembe ya ukuta kunionyesha mawe mengine yasiyo na nakshi, laini tupu, yenye kidoa kidogo kama alama ya msumari. Hayo ni mapya. Mahekalu haya yaliporomoka kwa matetemeko ya ardhi, yakabaki vilima vya vifusi, watu wakachukua mawe kwenda kujengea. Hekalu la Shiva lilikamilika kusimamishwa upya mwaka 1953, la Brahma mwaka 1987, la Vishnu mwaka 1991. Kanuni yao ni kwamba hekalu halijengwi tena mpaka mawe mengi ya asili yapatikane, na jiwe jipya lazima lijitambulishe lisije likamdanganya mtu. Nimefanya ukarabati wa nyumba za kale mara kadhaa, na mara zote mwenye nyumba ananiambia nifiche kiraka. Hawa wanakionyesha. Nilisimama mbele ya kile kidoa muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya mungu yeyote.

Na kazi haijaisha. Mahekalu ya kati yalizungukwa na vihekalu vidogo 224, na vilivyosimamishwa ni vichache sana. Vilivyobaki ni safu za chungu za mawe, mstari kwa mstari, kila jiwe limechongwa tayari, linasubiri mtu ajue mwenzake ni lipi. Tetemeko la tarehe 27 Mei 2006 liliharibu tena baadhi ya yale yaliyokwisha kurekebishwa. Mafundi wakaanza upya.

Kwenye baraza ya hekalu la Shiva, upande wa ndani wa ukuta wa kuegemea, imechongwa hadithi ya Rama, utenzi wa kale wa Kihindi. Unaanzia mlango wa mashariki, unazunguka ukuta ukiwa kushoto kwako na hekalu kulia, kama saa inavyozunguka, na hadithi inakwenda nawe hatua kwa hatua mpaka inahamia hekalu la Brahma. Usiiache. Kuelekea mwisho wa sehemu ya Shiva kuna nyani wanajenga njia ya kuvuka bahari kwenda kisiwa cha Lanka: wamebeba mawe, wanayatupa majini, na chini yao samaki wamepanua vinywa wanayapokea. Huyo mchongaji alimjua mtu anayebeba jiwe zito. Magoti ya nyani wale yamekunjika pale pale yanapokunjika ya vibarua wangu.

Katika chumba cha kaskazini cha hekalu hilohilo amesimama mungu wa kike Durga juu ya nyati, na watu wa huko wana hadithi yao juu yake. Binti mfalme, Loro Jonggrang, alitakiwa ndoa na mtu asiyempenda, akampa sharti: ajenge mahekalu elfu moja kwa usiku mmoja. Yule bwana akaita mashetani wamsaidie. Yalipokaribia kutimia, binti akawaamsha wanawake watwange mpunga na kuwasha moto upande wa mashariki, majogoo wakadhani kumekucha, wakawika. Mashetani wakakimbia, mahekalu yakawa 999. Bwana akagundua hila, akamlaani binti awe jiwe, akawa wa elfu. Mke wangu alisikitika sana na hadithi hii. Alisema kinu na mchi ndivyo alivyokuwa navyo binti wa watu, akavitumia.

Sasa malalamiko. Tulipotoka Prambanan ilibaki kwenda Sewu na Plaosan, na zote ziko karibu. Badala yake dereva akakata kona nyingine, akatupeleka kwenye duka la kahawa ya fungo. Halikuwa kwenye ratiba. Kahawa hii hutokana na buni zilizoliwa na fungo zikatoka na kinyesi chake, zikaoshwa na kukaangwa. Fungo wenyewe walikuwa nyuma ya duka kwenye vizimba vya waya, mmoja anazunguka mduara uleule bila kusimama. Tuliwekwa pale saa moja na dakika arobaini. Tulionjeshwa, tukasukumwa kununua, na bei ya kikombe kimoja ilipita chakula cha mchana cha sisi watatu. Mwongozaji alikaa nje kimya, na nilimwona ameona haya. Hayakuwa maamuzi yake. Ukisoma ratiba yoyote ya ziara huko ukaona maneno kama “kusimama kwa mapumziko”, uliza ni wapi, na uandikiwe.

Kwa hiyo Sewu tulipewa dakika ishirini. Sewu maana yake ni elfu, ingawa majengo yake ni 249. Ni hekalu la Kibudha, na liko mwendo wa miguu kutoka lile la Kihindu. Walinzi wa langoni ni majitu ya mawe yenye rungu, yamepiga goti moja, na tumbo limejaa. Zaidi ya hapo siwezi kusema, maana tulikuwa tunakimbia.

Plaosan ndiyo iliyoniokolea siku.

Tulifika jua likianza kushuka. Iko katikati ya mashamba ya mpunga, watu walikuwa wanavuna upande mmoja na upande wa pili wanapanda, na hakukuwa na zaidi ya wageni kumi. Mahekalu makubwa mawili yanafanana kama mapacha, kila moja na ukuta wake, na kuyazunguka kuna mabaki ya vihekalu 58 na stupa 116, yaani minara ya Kibudha yenye umbo la kuba. Inasimuliwa kwamba ni matunda ya ndoa ya binti wa Kibudha wa ukoo wa Sailendra na mfalme wa Kihindu, Rakai Pikatan. Mwongozaji alituonyesha kuwa kuta za hekalu moja zimechongwa wanaume na za jingine wanawake, wamesimama kwa utulivu, mikono imeshika maua.

Mimi nilikuwa ndani natazama juu. Kuna ukingo wa jiwe unaozunguka chumba, juu ya kichwa cha mtu. Nikamwambia kijana, hapa palikuwa na sakafu ya mbao. Huu ukingo ni wa kukalishia maboriti. Akatafsiri. Mwongozaji akapiga makofi mara moja, akasema ndivyo wanavyosema wataalamu, jengo hili lilikuwa la ghorofa mbili na mbao zimeoza zote. Zaidi ya miaka elfu moja na mia moja imepita, na mwashi mwenzangu ameniachia maelezo ninayoyasoma bila kufundishwa na mtu. Nilihisi kitu kooni, sitaficha.

Ndani ya kila chumba wamekaa bodhisatva wawili wa mawe, yaani watakatifu wa Kibudha, mmoja kila upande, na katikati pana nafasi tupu. Aliyekaa pale hayupo. Inaaminika alikuwa wa shaba. Wale wawili bado wamemwachia nafasi yake.

Tukiwa kwenye gari kurudi, mwongozaji aligundua kuwa Kiswahili na Kiindonesia vina maneno ya pamoja kutoka Kiarabu. Yeye akisema waktu, mke wangu anasema wakati, kabar, habari, dunia ikabaki dunia. Akawa anatuita Bapak na Ibu, yaani Baba na Mama, nasi kufuata kijana wetu tukamwita Pak, kifupi cha Bapak. Safari ikawa ya watu wanaojuana.

Siku ya pili tulimbana dereva tangu usiku, tukaondoka saa kumi na moja alfajiri. Hewa baridi, ukungu mashambani, mlima Merapi unaonekana wazi. Tofauti na jana ilikuwa ya mbingu na ardhi.

Mendut kwanza. Kwa nje ni hekalu la wastani. Ndani, gizani, amekaa Buddha wa jiwe wa urefu wa mita tatu hivi, hakukunja miguu kama kawaida bali ameishusha chini kama mtu aliyekaa kitini, na pembeni yake bodhisatva wawili, Avalokiteshvara na Vajrapani. Ubaridi wa chumba kile, harufu ya ubani, na mwanamke mmoja aliyekuwa anaomba. Tulisimama mlangoni mpaka alipomaliza. Kwenye ngazi za nje usipite haraka: pembeni kuna nakshi za hadithi za wanyama, mojawapo ya kobe aliyebebwa angani na ndege wawili akiuma kijiti, akafungua kinywa kuwajibu waliokuwa wanamcheka chini, akaanguka. Nakshi ni ndogo, unaweza kuikosa. Pawon ni hekalu dogo lililo njiani. Dakika kumi na tano zinatosha. Mendut, Pawon na Borobudur ziko karibu kwenye mstari mmoja, na siku ya Waisak, sikukuu yao ya kumkumbuka Buddha, Wabudha hutembea kwa maandamano kutoka Mendut mpaka Borobudur.

Borobudur, hekalu kubwa la Kibudha, ina taratibu zake, na watu wengi hulalamika, kwa hiyo niseme msimamo wangu. Tulipokwenda sisi, waliopanda juu hawakuzidi 1,200 kwa siku, kila mtu kwa saa aliyopangiwa, pamoja na mwongozaji wa palepale, na Jumatatu hapakuwa na kupanda. Kwa mgeni tiketi ya kupanda ilikuwa rupia 455,000. Unapewa kandambili za kusukwa ziitwazo upanat, unaacha viatu vyako chini, na kandambili unaondoka nazo. Sababu ni ngazi: zimelika kwa nyayo za mamilioni. Nilipitisha kidole kwenye ukingo wa kipandio kimoja, kimebonyea katikati kama sahani. Sheria hiyo naiunga mkono kabisa. Ningekuwa mimi ndiye msimamizi ningepunguza watu zaidi.

Kabla ya kupanda, mwongozaji wetu alinipeleka pembe ya kusini-mashariki ya msingi. Jengo lote limefungwa mkanda mpana wa mawe chini, na nyuma ya mkanda huo kuna nakshi 160 ambazo hakuna aliyejua zipo mpaka mwaka 1885. Zilifunuliwa, zikapigwa picha, zikafunikwa tena. Pembe hii tu imeachwa wazi. Wapo wanaosema zilifichwa kwa sababu za dini, kwa kuwa zinaonyesha tamaa za watu na malipo yake. Mimi nikiangalia ule mzigo wa mawe juu nasema kilima kilianza kusukuma nje, na fundi mkuu akaamua kukifunga mkanda kabla hakijapasuka. Uamuzi mgumu huo, kufunika kazi nzuri kwa ajili ya usalama. Na juu ya nakshi moja yenye watu wa nyuso mbaya kuna neno dogo limechorwa: wirupa, yaani mwenye sura mbaya. Ni maelekezo kwa mchongaji, hapa chonga hivi. Mimi huandika kwa penseli ukutani “dirisha hapa”. Yeye aliandika kwa tindo, na maandishi yake yalibaki.

Jengo halina chokaa wala saruji. Mawe yameshikana kwa ndimi na mapengo, mengine kwa vifungo vilivyopanuka pande zote mbili kama mbawa za kipepeo. Ndani yake ni kilima cha udongo, na adui wake siku zote ni maji ya mvua. Katika ukarabati mkubwa wa 1975 hadi 1982, Indonesia ikishirikiana na UNESCO, kuta za ngazi za mraba zilibomolewa jiwe kwa jiwe, zikawekewa mifereji ndani, zikarudishwa kila jiwe mahali pake. Wajenzi wa kwanza nao walilijua tatizo: pembeni kuna midomo ya mawe yenye sura za wanyama, ya kutemea maji. Karne ya 8 na ya 9 hiyo.

Tulipanda na binti wa palepale, mpole lakini ana haraka, maana muda ni saa moja hivi. Jumla ya nakshi ni 2,672 na sanamu za Buddha 504, hivyo huwezi kuona hata kidogo. Ushauri wangu: mwombe muda ushoroba wa kwanza, halafu pandeni moja kwa moja mpaka juu. Juu ni duara tatu zenye stupa 72 za matundu, kama kengele. Matundu ya duara mbili za chini yamekaa kama almasi. Ya duara ya juu ni mraba. Ndani ya kila moja amekaa Buddha, unamwona vipande vipande. Zamani watu waliingiza mkono kumgusa wapate bahati. Sasa imekatazwa, na ni vizuri.

Kitu kimoja kiliniuma. Sanamu nyingi hazina vichwa. Zilizoharibika ni zaidi ya 300. Vingine viliibwa kidogokidogo, na mwaka 1896 serikali ya kikoloni ya Kiholanzi ilimpa mfalme wa Siam, Thailand ya leo, mikokoteni minane ya sanamu na mawe ya hapa. Alikuja kutembea, akaondoka na mikokoteni minane. Mke wangu aliuliza kama zilirudishwa. Zilizo nyingi hazikurudi.

Katika ule ushoroba wa kwanza tuliona merikebu. Iko katika mawimbi, tanga mbili zimejaa upepo, mabaharia wananing'inia kwenye kamba, na ubavuni ina matengo. Kijana alisema, “Baba, hii ni ngalawa.” Ndiyo, ni ngalawa, ila kubwa ya kubeba shehena. Chini, ndani ya eneo hilohilo, kuna makumbusho ya chombo kilichojengwa kwa kufuata nakshi hizi, Samudra Raksa. Mwezi Agosti 2003 kiliondoka Jakarta, kikavuka Bahari ya Hindi, kikapita Shelisheli na Madagaska, kikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, kikafika Accra, Ghana, Februari 2004. Watu wa visiwa hivi walifika Madagaska karne nyingi nyuma, na lugha ya Kimalagasi ni ndugu wa lugha zao mpaka leo.

Ratiba ya kampuni haikuwa na makumbusho hayo. Tulidai, kwa saa ile tuliyopotezewa jana, na mwongozaji akapiga simu mwenyewe kututetea. Tukapewa dakika arobaini. Chombo kiko ndani ya ukumbi, mbao zimekauka, na zimeunganishwa kwa vigingi vya mti, bila misumari. Nilichuchumaa chini ya matengo kutazama kilivyofungwa kwa kamba, mke wangu akanishikia kofia, na Pak akakaa chini sakafuni pembeni yangu, akaniuliza kwetu tunafungaje. Nikamwonyesha kwa kamba ya kiatu chake.